Mhazili wa Ofisi ya Maji

Nilimsikia kabla sijamwona. Ta, ta, ta: karatasi zikigongwa kwenye ukingo wa meza, upande huu, kisha upande ule, kisha kimya, kisha pigo moja la kiganja juu ya rundo lililonyooka. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimesimama koridoni mwa ofisi ya maji pale Masoko, barua ya kuomba kujitolea likizoni imelowa jasho mkononi.

"Ingia, usisimame kama nguzo ya umeme," ilisema sauti. "Na ukiingia, piga hodi."

Nikaingia, nikapiga hodi nikiwa tayari ndani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo barua isome nisikie."

Nikaisoma. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba nina ari isiyo na kifani, aliinua mkono. "Kifani umekitafuta wapi ukakikosa? Futa." Nikafuta. Tangu siku hiyo sijaandika sentensi nikaiacha bila kuisikia kwanza kwa masikio yangu.

Kazi yake ilikuwa imebadilishwa jina zamani, sasa kwenye makaratasi aliitwa katibu mahsusi, lakini sisi wote tulibaki na Mhazili. Hata mumewe alimwita hivyo, alipokuwa bado anaweza kuita. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana mabegani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Asubuhi alikuja na kibasi kutoka Kivinje, akavua kandambili mlangoni mwa chumba chake kama anaingia msikitini, akazunguka meza pekupeku mpaka jioni.

Printa ya ofisi ilikuwa moja tu, na ilikuwa mezani kwake. Aliyetaka kuchapa kitu alikuja na flashi mkononi, akapiga hodi, akasalimia, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasoma kwa sauti alichoandika. Mhazili alisikiliza amefumba macho. Akiridhika, alibonyeza. Asiporidhika, aliuliza swali lake: "Umeongea naye?" Kwa sababu aliamini kwamba mtu asipate kwa barua habari ambayo hajaisikia kwa mdomo. Barua ya onyo haikutoka mpaka anayeonywa ameitwa na kuambiwa. Meneja aliyekuja kwetu kutoka bara alishangaa sana mara ya kwanza alipoambiwa asome. Alidhani ni utani. Alisimama na flashi yake dakika nzima, halafu akakaa, akasoma.

Fundi wetu mkuu wa mabomba ndiye aliyemzoea kuliko wote, na ndiye aliyekuwa akizozana naye kila siku.

"Mama, mashine imeamkaje leo?"

"Imeamka salama. Haijapenda viatu vyako. Rudi ukafute matope."

"Matope ya kazi haya! Ungekuwa unaoga matope kama mimi ungekuwa mwembamba, Mhazili."

"Ningekuwa mwembamba na mjinga. Leo unafunga maji mtaa gani?"

Swali hili la mwisho halikuwa la utani. Kila tulipotaka kukarabati bomba, ilichapwa hati ya kazi, na kwa hati hiyo Fundi alikwenda kufunga koki kuu ya mtaa mzima. Mhazili alikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Aliujua mji. Kibasi cha Kivinje kilimpa habari za Kivinje, mama wauza vitumbua wa stendi walimpa za Masoko, kipaza sauti cha msikiti kikamalizia. Alijua nyumba gani ina msiba, wapi kuna khitma, binti wa nani amejifungua usiku. Hati ikitaja mtaa wenye msiba, aliiweka chini ya rimu ya karatasi, akaikalia kimya.

"Bomba linavuja, mama," Fundi alilalamika siku moja mbele yangu.

"Liache livuje. Maiti haioshwi kwa mate."

Fundi akacheka, akaondoka, akarudi keshokutwa yake. Ndivyo mambo yalivyokwenda, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufungiwa maji akiwa na maiti ndani. Hatukuliona hilo kuwa jambo. Tulidhani ni hali ya kawaida ya dunia.

Lakini sitaki kumchora mtakatifu, maana hakuwa. Alikuwa mwongo wa wazi. Asipopenda barua alisema wino umekwisha, na huku chupa ya wino iko mezani inatazamana na mwenye barua. Aligombana na mama mfagizi kwa sababu ya beseni, na kwa muda mrefu baada ya hapo karatasi za mfagizi, hata ya kuombea ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki, zilikaa mpaka zikajikunja ncha. Alipenda kusubiriwa. Mkubwa akitoka Lindi mjini alimkalisha kwenye kiti kile kile cha plastiki, na nilimwona kwa macho yangu akipanga upya karatasi zilizokwishapangwa ili tu yule mkubwa akae kidogo zaidi.

Na mara moja ukaidi wake uliumiza watu. Barua ya kuagiza viungio vya mabomba ilikaa kwake kwa sababu siku hiyo Meneja aliyeiandika alikataa kuisoma kwa sauti. "Mimi si mtoto wa chuo," alisema. "Na mimi si roboti," alijibu Mhazili. Wakanuniana. Viungio vikachelewa, na mtaa wa juu ukakaa bila maji, mpaka wanawake wakaja na ndoo tupu, wakazipanga mlangoni kwake. Mmoja alikuwa mjamzito. Mhazili hakuomba radhi. Aliichapa barua ile bila kuisoma wala kusomewa, akampa Meneja kwa mikono miwili.

Nyumbani Kivinje alikuwa na mgonjwa. Mumewe, ambaye mtaani tulimwita Mzee, alipigwa na kiharusi akiwa bado na nguvu zake, upande mmoja ukafa na maneno yakapotea. Hakuweza kujigeuza. Mhazili alimgeuza alfajiri, akamlisha uji, akapanda kibasi. Mchana jirani alikuja kumtazama, lakini jirani alikuwa na mgongo mbovu, hakuweza kumnyanyua. Jioni Mhazili alirudi na kitu cha kwanza, kabla ya kuvua hijabu, alimgeuza tena. Mimi ni mtoto wa Kivinje, nyumba yetu iko nyuma ya ile ya kwao, na nilizoea kumsikia jioni kupitia dirishani akimhadithia mambo ya ofisini huku anamkanda mgongo. "Leo Meneja kasoma barua kama anatoa hotuba ya harusi." Ofisini alikuwa mkali. Kule alikuwa mtu wa kuchekesha mtu mmoja asiyeweza kucheka vizuri.

Nilipomaliza chuo nikaajiriwa pale pale kwa mkataba, mtu wa kompyuta. Haukupita muda Meneja akaniita. Alinifungulia kompyuta yake akanionyesha: kila chumba kina mashine yake, kwa nini watu watembee na flashi zenye virusi kwenda kupanga foleni kwa mtu mmoja? Alitaka printa iwe ya wote, kila mtu atume akiwa mezani kwake.

"Ofisi haiwezi kupita kwenye mlango wa mtu mmoja," alisema. Hakusema kwa chuki. Nafikiri alikuwa bado anaziona zile ndoo.

Kisha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba kituo chetu cha Kikole, huko mashambani, hakina mtu wa ofisini. Mtandao ukikaa sawa, Mhazili atahamishiwa huko. Nikamwambia ana mgonjwa Kivinje, na kutoka Kikole mtu hawezi kurudi nyumbani kila jioni.

"Kila mtu ana mgonjwa nyumbani," alisema, akatazama dirishani. Baadaye nilikuja kusikia kwamba mama yake mwenyewe alikuwa mgonjwa huko alikotoka, na hakuwa amemwona kwa muda mrefu.

Basi nikafunga mtandao. Nilipitisha waya juu ya dari na chini ya milango, nikaweka swichi ya kuunganisha kompyuta kwenye kabati la masjala, nikaipa printa anwani ya kudumu, maana kila umeme ulipokatika ilijichukulia anwani mpya na kompyuta zote zikaipoteza. Nilifanya kazi hiyo chini ya meza yake. Aliinua miguu yake mitupu ili nipitishe waya, akaishikilia hewani kama mtu anayefagiliwa.

"Ukimaliza hiyo," alisema juu yangu, "mimi nitakuwa wapi? Kivinje au Kikole?"

Habari ilikwishamfikia. Katika mji huu angeikosaje?

"Nimeongea na Meneja, mama. Nitaongea naye tena."

"Ongea naye. Mimi sitaongea. Nikianza kumlilia mtu wa umri wa mwanangu, nitamgeuzaje Mzee kwa mikono hiyo hiyo?" Akaugusa waya kwa kidole cha mguu. "Kaza huo waya. Umelegea."

Siku ya kwanza kila kitu kilifanya kazi, na bado hakikufanya kazi. Mhasibu alituma karatasi akiwa chumbani kwake, kisha akanyanyuka, akatembea koridoni, akapiga hodi. "Shikamoo Mhazili. Nimetuma." "Marahaba. Nimeiona. Soma nisikie." Wote walifanya hivyo. Kutumia kitu kilicho mezani kwa mtu bila kumpigia hodi kulikuwa sawa na kuchota maji kwenye mtungi wa jirani bila salamu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kwa wiki kadhaa tulikuwa na mtandao ambao watu walitembea kando yake. Nilimkuta hata Meneja amesimama kwenye kizingiti kile, karatasi yake tayari imetoka, anauliza habari za Mzee.

Mhazili alichangamka wiki hizo. Alianza kutania. "Mtandao wako mzuri, bibie," aliniambia. "Unawapa watu mazoezi ya miguu."

Lakini Meneja hakuwa mjinga. Aliagiza printa itolewe chumbani, iwekwe koridoni juu ya meza isiyo ya mtu. Fundi na mimi tuliibeba. Mhazili alitufungulia mlango, akatandaza kanga kuukuu juu ya ile meza ya koridoni ili mashine isipate vumbi kwa chini, akaingia ndani. Baada ya siku chache chumba chake kikapewa wahasibu, yeye akahamia kwenye kimeza cha masjala, nyuma ya mafaili, ambako mtu hafiki ila ametumwa. Koridoni hapakuwa na wa kupigiwa hodi. Watu wakatuma, karatasi zikatoka, zikalala pale zikisubiri wenyewe, na kila apitaye akasoma za mwenzake. Kazi ilikwenda haraka. Hilo nalo lazima niliseme.

Alasiri moja mhasibu alituma hati ya kazi ya kufunga maji kwenye mtaa mmoja wa karibu na soko. Kabla haijatoka umeme ukakatika. Tukasubiri, tukachoka, tukafunga ofisi. Alfajiri, katika mtaa ule ule, bibi mmoja mzee akafariki. Mhazili alipigiwa simu, akaenda moja kwa moja msibani, kwa sababu alikuwa mmoja wa wanawake wanaoitwa kuosha maiti.

Umeme ulirudi asubuhi. Yeyote anayezijua mashine hizi anajua zinavyofanya: zikiamka hutapika zote zilizokuwa kwenye foleni, za jana kwa za leo, bila kuuliza kumekucha vipi. Fundi alikuta hati imelala juu ya kanga. Alikuwa ametokea nyumbani kwake upande mwingine wa mji, hajasikia lolote. Mdomo wake uliozoea kujibu swali haukuulizwa swali. Akachukua spana, akaenda.

Simu yangu ililia nikiwa mezani.

"Nani kafunga maji?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake, na ndoo zikigongana.

"Mama..."

"Tumeshamlaza kitandani, tumeshamvua. Bomba linakoroma. Nani kafunga maji, mwanangu?"

Nilikimbia. Fundi alikuwa shimoni, bomba limekwishakatwa vipande viwili. Nilipomwambia, alikaa chini ndani ya shimo lile lile, kwenye matope, akashika kichwa. "Msiba wa nani?" aliuliza. Nikamtajia. "Yule amenilea," akasema. "Yule bibi amenilea mimi." Hata angeacha kila kitu, bomba lisingeungwa kwa muda ule. Wanawake wakaenda kuchota kisima cha zamani karibu na mikoko, maji ya chumvi. Kisheria hakuna kosa, shehe alisema, ni maji tu. Lakini mwana wa marehemu alisimama mlangoni akizihesabu ndoo kwa macho zinavyoingia, na alipotuona mimi na Fundi alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi: "Ninyi ni watu wa maji. Mama yangu anaondoka na chumvi mwilini."

Kesho yake kulikuwa na kikao. Familia ilikuwa imelalamika kwa wazee wa mtaa, wazee kwa Meneja, na Meneja alikuwa hajalala. Alitaka kujua nani alijua kuhusu msiba ule. Wote tukatazama chini.

"Mhazili," alisema, "wewe ulijua. Ulikuwa kule kule. Kwa nini hukuiarifu ofisi?"

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amevaa kanga za msibani.

"Ningemwarifu nani, Meneja?"

"Ofisi."

"Ofisi ndiyo nani? Zamani hati ilikuja kwangu, nikaiuliza inakwenda wapi. Sasa hati iko koridoni. Ningeiambia mashine?"

Fundi alicheka, kicheko kilichomtoka bila ruhusa, kisha akafunika uso kwa kofia. Nilidhani Meneja atakasirika. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeelewa kitu ambacho hana nafasi ya kukielewa. Nikasema mimi kwamba naweza kuirudisha printa chumbani leo hii, au niweke namba ya siri, karatasi isitoke mpaka Mhazili ameiruhusu. Ni kazi ndogo, nilisema. Ni ya nusu saa.

"Na akiugua? Akisafiri?" Meneja aliuliza. "Turudi kule kule?"

Ndoo zile sote tulizikumbuka. Uamuzi ukawa huu: kwenye hati ya kazi iongezwe mstari usemao hakuna msiba, na Fundi autie alama kabla ya kwenda. Niliuongeza mwenyewe. Fundi huutia alama kila siku, tena kwa kalamu nyekundu, na kabla ya kuutia husimama koridoni akauliza kwa sauti kubwa, "Jamani, kuna aliyekufa?" Wakati mwingine kuna anayejibu. Na kwa kuwa familia ilitaka kuona mtu amechukuliwa hatua, na barua ya Kikole ilikuwa imekwishaandikwa, Mhazili akahamishwa. Meneja alimwita kwanza, akamwambia kwa mdomo, mlango wazi. Ndipo akaichapa.

Nilikuja kumwona vizuri mara nyingine mvua za mwaka uliofuata, Jumapili, alasiri. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi pale. Ijumaa jioni alikuwa akirudi Kivinje, Jumapili anaondoka. Nilimkuta amekonda usoni, mabega yamebaki pale pale.

"Kikole kukoje, mama?"

"Kuna mikorosho na mbu. Nina chumba na kompyuta isiyoungwa na kitu. Watu wanakuja na baiskeli kutoka mbali, wanapiga hodi, wanakaa, wananieleza mambo yao mpaka nasahau walichofuata." Akatabasamu, na tabasamu likamtoroka. "Ningesema ni kazi nzuri. Ingekuwa nzuri."

Akanichukua chumbani kwa Mzee. Alikuwa amepungua mpaka shuka ilionekana nzito juu yake. Mgongoni, karibu na kiuno, palikuwa na kidonda, kipana, kimefunikwa kwa kitambaa safi. Kidonda cha kulala: siku za kazi alibaki na yule jirani wa mgongo mbovu. Nesi alikuwa amesema dawa ni kumgeuza, kila mara, mchana na usiku, na kwamba hakuna dawa nyingine itakayofaa pasipo hiyo.

"Nimemwandikia Meneja," alisema. "Mara mbili. Nimesoma kwa sauti kabla ya kutuma, peke yangu kule. Mara ya pili niliongea naye kwa simu kwanza. Amesema analishughulikia. Namwamini. Nadhani namwamini." Aliingiza mkono chini ya bega la mumewe. "Njoo nikufundishe. Usimvute. Vuta shuka, yeye atafuata. Goti hili kwanza. Hivyo. Muulize kabla hujamgusa, mwite Mzee, mwambie unampeleka upande gani."

"Mzee," nikasema, "nakugeuza upande wa dirishani."

Jicho lake moja lilinitazama, kisha likamtafuta mkewe.

Niliahidi kuja asubuhi na jioni. Ndugu yangu angekuja usiku. Hatukujua tutaweza mpaka lini, na hakuuliza. Nje bodaboda ilipiga honi. Alifunga mkoba, akavaa miwani, akainama kumwambia mumewe jambo sikioni, refu, na mara moja nikamsikia akitaja jina langu. Alipotaka kuinuka, mkono mzima wa Mzee ulikuwa umeshika pindo la kanga yake.

"Niache, baba," alisema. "Nitarudi Ijumaa."

Mkono haukuachia. Honi ikalia tena. Akavifungua vile vidole polepole, kimoja baada ya kingine, akauweka mkono juu ya shuka, akaugonga kidogo kwa kiganja chake.

"Saa kumi na mbili mgeuze upande wa ukutani," aliniambia bila kunitazama, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka komeo likaingia.